Kutoka Huruma hadi Haki: Historia ya Mapambano dhidi ya Ugonjwa wa SS



Ni nadra kupata parokia isiyo na familia inayoufahamu ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita kwa kawaida SS. Tunamjua mtoto anayekosa masomo mara kwa mara, anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, ambaye wazazi wake wameuza walichonacho ili aongezewe damu. Tumezoea kumhurumia. Lakini historia ya ugonjwa huu yatufundisha kwamba huruma peke yake haikutosha. Mambo yalianza kubadilika pale watu wa kawaida walipoungana na kudai haki.

Waafrika waliufahamu ugonjwa huu tangu zamani kwa mateso yake. Madaktari wa Magharibi waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1910, wakati James Herrick wa Chicago alipoeleza habari za mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye chembe zake za damu zilikuwa na umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba asili ya ugonjwa iko katika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni. Kwa hiyo elimu ilipatikana mapema. Je, wagonjwa walipata faida gani?

Mwaka 1970 daktari Mmarekani, Robert Scott, alilinganisha hesabu. Kwa mwaka 1967 nchini Marekani, visa vipya vya SS vilikadiriwa kuwa 1,155, na vya ugonjwa mwingine wa kurithi, sistiki fibrosisi, vilikuwa 1,206. Idadi zilikaribiana mno. Hata hivyo, michango ya hiari kwa ajili ya ugonjwa huo wa pili ilifikia dola milioni 1.9, na ya SS haikufikia dola 100,000. Wagonjwa wa SS walikuwa karibu wote Weusi, na wengi wao maskini. Hapo ndipo ilipokuwa tofauti.

Watu hawakungoja serikali ijirekebishe yenyewe. Kuanzia mwaka 1971, chama cha Black Panther kilifungua vituo vya kupima damu bila malipo katika mitaa ya Weusi. Vijana, wengine wa rika lenu, walipita nyumba kwa nyumba wakieleza ugonjwa huu kwa maneno mepesi. Kilio hicho kilisikika. Mnamo Mei 1972 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya kugharimia upimaji, matibabu na utafiti wa SS.

Historia hiyohiyo ina onyo. Baadhi ya majimbo yalilazimisha Weusi kupimwa, bila ushauri wala kutunza siri. Watu waliobeba nusu tu ya urithi huo, yaani AS, ambao kwa kawaida ni wazima, walinyimwa kazi na bima. Chuo cha jeshi la anga cha Marekani kiliendelea kuwakataa hadi mwaka 1981. Hivyo kinga iliyotafutwa kwa nia njema iligeuka kuwa alama ya aibu. Tangu hapo watetezi wa wagonjwa wamedai mambo mawili kwa pamoja: kipimo kimfikie kila mtu, na kisimdhalilishe yeyote.

Barani Afrika sauti zilipazwa na vyama vya wagonjwa na wazazi, pamoja na madaktari waliochoka kuzika watoto. Nchi jirani yetu, Kongo-Brazzaville, ilikuwa mstari wa mbele katika kulifikisha jambo hili mbele ya mataifa. Mnamo Mei 2006 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, na tarehe 22 Desemba 2008 Umoja wa Mataifa uliutambua kuwa tatizo la afya ya jamii. Ndiyo asili ya siku ya 19 Juni tunayoiadhimisha kila mwaka.

Nchi yetu nayo ina nafasi yake katika historia hii. Profesa Léon Tshilolo na wenzake waliwapima watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa. Takribani 17 katika kila 100 walikuwa AS, na zaidi ya 1 katika 100 alikuwa SS. Baadaye hospitali ya Monkole, pamoja na vituo vya Angola, Kenya na Uganda, ilishiriki katika utafiti wa dawa ya hidroksiurea kwa watoto 606. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Na dawa hiyo ilikuwa imekwisha kuidhinishwa Marekani tangu mwaka 1998. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kupata uthibitisho wa namna hiyo kwa watoto wetu, na hadi leo familia nyingi huitafuta kwa fedha zao wenyewe, au huikosa kabisa.

Basi, sisi tufanye nini? Kwanza, tuseme ukweli. SS hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Mama asilaumiwe peke yake, wala mtoto asiitwe mchawi. Wazazi wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto SS. Kwa hiyo, tujipime kabla ya uchumba kukomaa, lakini majibu ya mwenzetu yasiwe fimbo ya kumpigia. Pili, tutoe damu, kwani mwenye SS huihitaji mara nyingi. Tatu, tuulize kwa heshima na bila kuchoka, katika kituo cha afya na mbele ya viongozi: mbona kipimo cha mtoto mchanga hakipo hapa? Mbona dawa haipatikani?

Waliouliza maswali hayo kabla yetu walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwa na cheo. Mtoto anayelia usiku huu katika mtaa wetu anangoja tuulize nasi.