Wajapani na Hadithi Zao za Kutisha

Ikitajwa Japani wengi wetu hufikiria magari na redio. Sisi wa fani ya uhandisi tuliiheshimu kwanza kwa mashine zake. Hadithi zake za kutisha tulizipenda baadaye, na tunazo sababu.

Asili yake ni ya zamani. Katika enzi ya Edo (1603–1868) watu walikutana usiku, wakawasha taa mia moja, na kila hadithi ikiisha taa moja ikazimwa. Ya mwisho ikizimwa, iliaminika kuwa mzuka wenyewe utatokea. Mwaka 1776 Ueda Akinari alichapisha Ugetsu Monogatari, mkusanyiko wa hadithi tisa. Mwaka 1825 Tsuruya Nanboku IV akaleta jukwaani Yotsuya Kaidan, mchezo wa Oiwa, mke aliyesalitiwa na mumewe, akaharibiwa uso kwa sumu, akafa na kurudi kudai haki yake. Hilo ndilo linalotuvutia: mzuka wa Kijapani mara nyingi ni mtu aliyedhulumiwa. Hatishi bure, ana deni analodai.

Karne ya ishirini ilibadilisha vyombo tu. Edogawa Rampo, aliyelitohoa jina lake kutoka Edgar Allan Poe, aliandika mwaka 1925 juu ya fundi aliyejificha ndani ya kiti alichokitengeneza mwenyewe. Mwaka 1991 Suzuki Koji akatoa riwaya ya Ring: ukiutazama mkanda fulani wa video, unafariki baada ya siku saba, na wokovu ni kuunakili umwoneshe mwingine. Nani kati yetu wa umri huu hakuwahi kunakili mkanda wa harusi akautuma nyumbani? Kwa hiyo tulitetemeka vilivyo.

Katika manga, yaani hadithi za picha, tunampenda zaidi Ito Junji, aliyekuwa fundi wa meno. Katika Uzumaki, iliyoanza mwaka 1998, mji mzima unalaaniwa na umbo la kuzunguka kama gamba la konokono. Hakuna jini la kupunga wala mashine ya kurekebisha. Mhandisi hana la kufanya!

Lakini tunaowaheshimu kuliko wote ni wasimulizi. Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki mwenye baba Mwayalandi, alichapisha Kwaidan kwa Kiingereza mwaka 1904. Nyingi ya hadithi za Kijapani alizoziandika alisimuliwa na mkewe, Koizumi Setsu, naye alimtaka aseme kwa maneno yake mwenyewe, asisome kitabuni. Mchoraji Mizuki Shigeru, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani, alisimuliwa habari za mizuka utotoni na bibi mmoja wa jirani.

Watoto wetu huku ughaibuni wanamjua mzuka wa Ring kuliko majini wa mibuyuni kwetu. Tusiwalaumu. Wajapani walisimulia, na wakapatikana wa kuandika. Sisi bado tuna mabibi walio hai, na simu siku hizi ni rahisi. Tuwapigie, tuwaache waseme kwa maneno yao wenyewe, na tuandike kabla taa ya mwisho haijazimwa.