Hidrojeni na Maada ya Giza katika Makundi ya Galaksi

Kundi la galaksi ni mkusanyiko wa galaksi chache, aghalabu zisizozidi 50, zinazoshikana kwa mvutano. Kundi letu lina Njia Nyeupe, Andromeda na galaksi ndogo nyingi. Sehemu kubwa ya masi ya kundi lolote ni maada ya giza, ambayo haitoi nuru wala haiizuii, na hujulikana kwa uvutaji wake tu.

Shahidi mwema wa uvutaji huo ni hidrojeni. Atomu zake zikiwa baridi hutoa mawimbi ya redio ya sentimita 21, yaliyotabiriwa na Hendrik van de Hulst mwaka 1944 na kunaswa mwaka 1951. Gesi hiyo huenea mbali kuliko nyota, na mwaka 1978 Albert Bosma alionyesha kuwa hata pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi isiyopungua. Nyota peke yake zisingeweza kuishika.

Je, penye maada ya giza nyingi pana hidrojeni nyingi? Kwa kiasi fulani tu. Gesi baridi huongezeka pamoja na maada ya giza hadi kwenye masi ya Jua mara trilioni 1 hivi. Kupita hapo ongezeko hudorora. Gesi inayoporomokea kwenye kundi zito hupata joto la mamilioni ya digrii, atomu hupoteza elektroni, na mawimbi ya sentimita 21 hunyamaza. Kuanzia hapo gesi hiyo huonekana kwa eksirei.

Tena galaksi hunyang'anyana gesi. Katika kundi la M81, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, picha za kawaida zinaonyesha M81, M82 na NGC 3077 zikiwa zimetengana kabisa. Ramani ya redio ya mwaka 1994 ilifichua mikondo mirefu ya hidrojeni inayoziunganisha zote tatu, alama ya kupitiana kwa karibu zamani. Makundi yaliyosongamana, yaliyoorodheshwa na Paul Hickson mwaka 1982, yamepungukiwa zaidi: utafiti wa mwaka 2001 uliyakuta, kwa wastani, na asilimia 40 tu ya hidrojeni iliyotarajiwa.

Kwa hiyo wingi wa hidrojeni hautoshi kupima maada ya giza ya kundi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kasi za galaksi zenyewe, pamoja na jinsi kundi linavyopinda nuru itokayo nyuma yake.