Alimlipa nani? Kutoka uamsho wa Katoke hadi simba wa Narnia

Muulize Mkristo wa Mbuba, wilayani Ngara, kwa nini Yesu alikufa. Hatasita: alilipa. Ongeza swali moja tu, alimlipa nani, na mazungumzo yatakwenda hadi chai ipoe.

Kiswahili chenyewe kina majibu zaidi ya moja. Fidia hupewa anayeshikilia mateka. Deni hurudishwa kwa mdai. Adhabu hubebwa mbele ya hakimu. Kafara huondoa balaa. Upatanisho huwarudisha pamoja waliokosana. Mhubiri mmoja hutumia maneno yote matano katika ibada moja, ingawa kila neno lina historia yake.

Damu yavuka mpaka

Katika pembe hii ya Kagera, neno lililotangulia mengine lilikuwa damu. Mwaka 1927 wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, kutoka Australia walichukua kazi ya Dayosisi ya Central Tanganyika, chini ya Askofu George Chambers. Huku kaskazini magharibi vituo vyao vikawa Katoke, na Murgwanza huko Ngara. Upande wa pili wa mpaka, Gahini nchini Rwanda, kulikuwa na hospitali ya misheni alikofanya kazi daktari Mwingereza Joe Church. Mwaka 1929 Church alikutana Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Huko ndiko wengi wanakohesabu chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao baadaye ulivuka mpaka na kufika Katoke.

Walokole, yaani waliookoka, walisimama mbele za watu wakataja dhambi zao kwa majina. Walioiba walirudisha mali. Wimbo wao, Tukutendereza Yesu, ulibaki na kiitikio chake cha Kiganda hata ulipoimbwa na watu wa lugha nyingine. Mada yake ni damu inayosafisha.

Kwa watu wa Maziwa Makuu damu inayofunga watu haikuwa habari ngeni. Buhaya marafiki walichanjana, wakapaka damu kwenye punje za buni, kila mmoja akala ya mwenzake, na tangu hapo wakawa ndugu. Mhubiri wa damu alikuta shamba limekwisha kulimwa.

Ndoano ya Gregori

Swali la mlipwaji lilikuwa la kale kuliko misheni zote hizo. Katika karne ya 4, Gregori, askofu wa Nisa katika nchi iitwayo leo Uturuki, alisema aliyelipwa ni Shetani, maana ndiye aliyewashikilia wanadamu. Lakini malipo yale yalikuwa mtego. Mwili wa Yesu ulikuwa chambo na uungu wake ndoano; Shetani akameza, akanaswa. Mvuvi yeyote anauelewa mfano huo bila mwalimu.

Mwaka 1098 Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliukataa. Shetani hadai kitu, aliandika. Anayedai ni Mungu, aliyevunjiwa heshima. Kizazi kilichofuata, Abelard wa Paris akaona kwamba msalaba kwanza unaonyesha upendo unaoyeyusha moyo wa mkosaji. Baadaye Waprotestanti wakaweka mkazo kwenye adhabu: Kristo alisimama kizimbani mahali petu. Walokole walikulia katika mkondo huo.

Oktoba 1950, ndoano ya Gregori ilirudi kwa mlango wa watoto. C. S. Lewis, Mkristo wa Kianglikana aliyefundisha Oxford, alitoa hadithi ya kwanza ya Narnia, nchi ya kubuni iliyotekwa na mchawi. Kijana Edmund anawasaliti ndugu zake kwa tamaa ya vitamutamu vya mchawi huyo. Kwa sheria ya nchi ile, kila msaliti ni mali ya mchawi. Simba Aslan, ambaye jina lake ni neno la Kituruki la simba, anajitoa achinjwe badala yake. Mchawi anashangilia bila kujua kwamba ipo sheria ya kale zaidi: asiye na hatia akijitoa kwa hiari, mauti yenyewe hurudi nyuma. Amemeza ndoano.

J. K. Rowling naye, mwaka 2007, alimpeleka shujaa wake Harry Potter msituni akajitoe auawe, na kujitoa kwake kukawakinga wenzake.

Nyani wawili wa Shaaban Robert

Kwetu hadithi ya maajabu iligusa suala hilo pia, kwa mkono wa Mwislamu. Katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, Shaaban Robert anasimulia jinsi Adili alivyotoswa baharini na ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Jini Huria anamwokoa, anawageuza nduguze kuwa nyani, na kumwamuru awachape kila usiku. Adili amekwisha kuwasamehe. Anachapa huku analia, kwa kuwa amri si yake. Mfalme Rai anapoingia kuwaombea, ndipo wanafunguliwa.

Hapa hakuna damu inayomwagika; maombezi yanatosha. Hata hivyo Adili na Aslan wanashiriki jambo moja. Wote wawili wanampenda mkosaji, na wote wawili wanakuta juu ya mapenzi yao kuna sheria wasiyoweza kuiruka. Kusamehe kumekwisha, kufungua bado. Nafasi hiyo kati ya mawili ndiyo iliyowakesha Gregori na Anselm.

Lewis mwenyewe aliwahi kuandika kwamba mtu hushiba bila kujua chakula kinavyojenga mwili. Wale walokole walilijua hilo kwa njia yao. Aliyeamka asubuhi kurudisha kitu cha mwenzake hakuwa amejua bado Yesu alimlipa nani. Alijua tu ni mlango wa nani anaokwenda kubisha.