Kana, Duara na Viganja vya Dereva

Neno "usukani", msomaji, halikuzaliwa barabarani. Lilitoka majini. Kabla motokaa haijaonekana Mombasa, usukani ulikuwa nyuma ya jahazi, nao uligeuzwa kwa mti uitwao kana. Mshika kana hakuchaguliwa ovyo ovyo, kwani roho za wote waliomo chomboni zilikuwa mkononi mwake. Motokaa zilipofika pwani, watu walimwona dereva ameketi, ameshika kitu mbele yake, na chombo kinakwenda atakako. Wakasema ameshika usukani. Yamkini hawakujua kwamba huko Ulaya nako motokaa ilikuwa imeanza na kana.

Mwaka 1886 Mjerumani Karl Benz alipata hati ya kuilinda motokaa yake ya magurudumu matatu. Dereva wake hakuwa na duara la kushika. Mbele yake palisimama fimbo ya chuma yenye mpini, naye aliugeuza mpini huo upande aliotaka. Gari lilikwenda kama kilomita 16 kwa saa, mwendo ambao mpanda baiskeli hodari angeweza kuupita, na kwa mwendo huo fimbo ilitosha. Shida ilikuja watu walipoanza kushindana mbio.

Katika mashindano ya Paris hadi Rouen ya mwaka 1894, umbali wa kilomita 126, Mfaransa Alfred Vacheron alitokea na gari la Panhard alilolitia usukani wa duara. Hakushinda, wala sidhani kwamba watazamaji wengi walilijali duara lake. Mwaka uliofuata sifa zote zilimwendea Émile Levassor, aliyekwenda kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, kilomita zipatazo 1,180, kwa muda uliozidi saa 48 kidogo. Aliwatangulia waliomfuata kwa karibu saa 6. Naye Levassor alishika kana. Hebu fikiri, msomaji: siku mbili, mchana na usiku, katika njia za mawe na vumbi, mkono mmoja haubanduki katika fimbo!

Taabu ya kana ilikuwa hii. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, kishindo chake kilipanda moja kwa moja hadi mkononi, na fimbo iliweza kumponyoka dereva kabla hajatambua kilichotokea. Kadhalika, kuisukuma kidogo tu kuligeuza gari sana. Duara, likiunganishwa na meno ya chuma chini yake, lilimpa dereva nafasi ya kuzungusha mengi ili magurudumu yageuke machache. Na vishindo vya njia vilipungua nguvu kabla ya kumfikia. Mwaka 1896, katika mashindano ya Paris na Marseille, mbwa aliingia njiani mbele ya gari la Levassor. Gari likapinduka naye akarushwa nje. Hakupata afya tena, na mwezi wa Aprili 1897 akafariki. Mwaka 1898 kampuni yake ya Panhard et Levassor ikaanza kuyatia magari yake usukani wa duara, na mwaka huo huo Charles Rolls, ambaye baadaye jina lake liliungana na la Royce, akaleta moja la namna hiyo Uingereza. Haikupita miaka mingi kana ikawa kitu cha kale.

Lakini duara nalo lilikuwa na hila yake. Lilisimama juu ya mtarimbo wa chuma uliomwelekea dereva kifuani, na gari lilipogongana uso kwa uso, mtarimbo ule ulirudi nyuma kama mkuki. Kwa miaka mingi watu walikufa hivyo, na viwanda vikaona ni ajali ya Mungu. Marekani iliweka sheria iliyoanza kutumika mwaka 1968, kwamba mtarimbo huo sharti uweze kujikunja unapogongwa.

Huko kwenye theluji kulikuwa na adui mwingine: baridi. Magari ya kwanza yalikuwa wazi, na dereva alivaa glavu za ngozi. Waingereza hata leo hukiita kijisanduku kilicho mbele ya abiria kisanduku cha glavu. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki vema wala havihisi gurudumu likianza kuteleza. Ndiyo sababu mafundi walipitisha nyaya nyembamba za umeme chini ya ngozi ya usukani, zikapata moto kama zile za pasi, ila kwa upole. Katika magari ya betri jambo hili lina faida zaidi, kwa kuwa kupasha viganja joto hula umeme kidogo kuliko kupasha hewa yote ya ndani. Dereva wa Mombasa atacheka, maana usukani wake hupashwa bure na jua hadi haushikiki!

Sasa tumefikia mahali ambapo mambo yamegeuka. Magari mengi ya siku hizi huweza kujishikilia katikati ya mistari ya barabara, na dereva akashawishika kuachia mikono. Hapo gari lina haja ya kujua: je, mtu yuko? Njia ya kwanza ilikuwa kupima kama usukani unasukumwa kidogo kidogo, jinsi mkono wa mtu ufanyavyo. Lakini mkono uliotulia haukuonekana, na wajanja walibana chungwa kwenye usukani, gari likaridhika! Vikatokea hata vyuma vya kuuzwa kwa kazi hiyo, na mwaka 2018 idara ya usalama barabarani ya Marekani ikaamuru muuzaji mmoja aache.

Njia ya pili hupima mguso wenyewe. Mwili wa binadamu una maji na chumvi nyingi, nao hupokea umeme. Ukiushika usukani wenye wavu wa waya ndani yake, kiasi cha umeme ambacho wavu ule unaweza kuhifadhi hubadilika kidogo mno, na chombo cha kupimia kikajua kwamba kiganja kipo. Tatizo ni kwamba nyaya za joto zimelala mahali pale pale, nazo huvuruga kipimo. Mafundi wengine huweka ngao kati ya tabaka hizo mbili; wengine hutumia waya mmoja kwa zamu, mara ukapasha joto, mara ukahisi mkono. Glavu nene hudhoofisha mguso. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa inataka gari linalojishikilia katika njia yake limwonye dereva kabla hazijapita sekunde 15 tangu aachie usukani.

Tarehe 23 Machi 2018, huko Mountain View katika jimbo la California, gari la Tesla lililokuwa likijiendesha kwa msaada wa mitambo yake liliacha njia likagonga kizuizi, dereva akafa. Gari hilo lilitumia ile njia ya kwanza. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba katika sekunde 6 za mwisho halikuhisi mikono yake, na kwamba kulikuwa na mchezo uliofunguliwa katika simu yake. Taarifa yao ya mwaka 2020 ilisema kwamba kupima msukumo wa usukani hakutoshi kujua kama dereva yuko macho na kazi yake.

Hata wavu wa waya haungejibu swali lote. Wavu hujua kiganja. Haujui jicho linatazama wapi. Kwa hiyo magari mapya mengi yana kamera ndogo iliyowekwa mbele ya dereva, nayo humtazama yeye muda wote anapoitazama barabara.