Gitaa Bila Mwalimu

Katika zama ambazo kitabu cha kufundishia gitaa kilikuwa adimu, vijana wa Kenya waliotamani ilimu hiyo aghalabu hawakuwa na mwalimu ila santuri, na miongoni mwa zilizopendwa mno ni za Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, akiimba kwa Kiswahili cha kwao. Sindano ikirudishwa nyuma tena na tena, sikio lilitafuta siri ya vidole viwili tu, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikipamba juu, hata msikilizaji mgeni akadhani magitaa ni mawili. Baadaye Mwenda mwenyewe akakaa Nairobi kwa muda, na waliobahatika wakavitazama vidole vile.