Ndege inalala wapi? Historia ya Precision Air na mji wa mwisho wa njia

Leo tuzungumze juu ya ndege. Hapa Uvira tunaziangalia tu zikishuka Bujumbura, kisha tunarudi kwenye boti zetu. Lakini tangu mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, Kigoma imekuwa kama mtaa wetu mwingine, na swali ni lile lile: kwa nini ndege ya Kigoma leo iko, kesho haiko?

Jibu linaanzia mbali kidogo, Arusha. Precision Air ilizaliwa huko mwaka 1993, na ndege ndogo ya viti vitano, kazi yake kukodishwa. Baadaye makao yalihamia Dar es Salaam. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49, na kampuni ikajenga kundi lake juu ya ATR, ndege za propela: ATR 42 inabeba watu karibu 48, ATR 72 karibu 70. Zinatosheka na uwanja mfupi, ndiyo maana zinaweza kufika miji kama yetu.

Halafu ikataka ukubwa, ikaleta Boeing 737. Hapa ndipo wengi hawaelewi. Rubani wa ATR haamki asubuhi akaendesha Boeing. Lazima afundishwe upya na apite mtihani wa ndege ile. Kwa hiyo kampuni ndogo ikawa na makundi mawili ya marubani, mafundi wa aina mbili, stoo mbili za vipuri. Haikupita miaka mingi, Boeing zikarudishwa, ikabaki na ATR zake.

Na rubani ana masaa yake ya kazi kwa siku, kwa sheria. Analala pale ndege inalala, penye mafundi na vipuri. Ndege ikichelewa asubuhi, masaa yanaisha, na safari inayokatwa ni ile ya mwisho wa njia. Kigoma iko mwisho wa njia. Precision Air imewahi kufika huko. Air Tanzania pia, na tarehe 9 Aprili 2012 Dash 8 yake iliharibika ikiruka Kigoma. Kwa bahati hakufa mtu. Shirika lenye ndege za kuhesabu kwa vidole likipoteza moja, si ajali tu, ni mji mzima umepoteza safari. Q400 mbili mpya za Air Tanzania zilifika mwaka 2016 tu.

Bukoba nako hatujasahau. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilianguka ndani ya ziwa Victoria ikitaka kutua. Walikuwa watu 43. 19 walikufa, pamoja na marubani wote wawili. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sisi watu wa ziwa tulielewa habari ile bila kuelezwa.

Tangu Februari 2025, Kavumu ilipotekwa na ndege za abiria zikasimama, wengi hapa wanasema Uvira ipewe uwanja wake. Mimi nakubali. Ila siku kiongozi akija kutuahidi, tumuulize kwanza: hiyo ndege italala wapi, na rubani wake?