BEJI ZA TANU: JINSI YA KUZITAMBUA NA KUZITUNZA

Leo kutoka hapa Msimbu, Kisarawe, nawaletea habari za beji za zamani, zile za bati za kubana kifuani kwa pini. Nimejifunza kwa kuharibu, ndo maana naandika.

ZILIANZIA WAPI?
Marekani. Kampuni ya Whitehead & Hoag ya mji wa Newark ilisajili ubunifu huo mwaka 1896. Karatasi yenye picha inalazwa juu ya bati, inafunikwa na seluloidi (plastiki ya zamani inayong'aa), halafu ringi inabana vyote kwa nyuma na kushika pini ya waya. Wenzetu waliziweka picha za wachezaji wa besiboli, zikatolewa pamoja na sigara, na leo wakusanyaji wanazigombania. Sisi hatukuwa na besiboli, tulikuwa na TANU.

UTAJUAJE UMRI WAKE?
Soma maandishi kwanza:
- TANU: chama kilizaliwa 7 Julai 1954, kikaungana na ASP kuwa CCM 5 Februari 1977. Beji halisi ya TANU ni ya kati ya hapo.
- Tanganyika: mara nyingi ni ya kabla ya Muungano wa 26 Aprili 1964. Za kabla ya Uhuru, 9 Desemba 1961, ndo za kutafuta kwa tochi.
- CCM: kuanzia 1977.
Picha ya Mwalimu peke yake haitoshi. Alikuwa kiongozi wa chama tangu TANU mpaka alipoacha uenyekiti wa CCM mwaka 1990, na hata baada ya kufariki 14 Oktoba 1999 picha yake inaendelea kutumika. Usiuziwe mpya kwa bei ya zamani!

UTUNZAJI
Hapa ndo nilipochemsha. Babu alinipa beji ya TANU nimtunzie. Mimi kwa ujuaji nikaisugua kwa sabuni na stiliwaya ing'ae. Seluloidi ikachubuka, maji yakapenya, karatasi ikajaa madoa. Nikampelekea.
"Shikamoo babu. Beji imeharibika."
Akaigeuzageuza. "Baba aliivaa siku ya Uhuru, mjukuu wangu. Hakuacha hata picha. Kitu chake nilikuwa nacho hiki tu."
Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo wadau:
1. Usiioshe. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu.
2. Iweke mbali na jua na jiko, seluloidi inashika moto upesi.
3. Ifunge kwa karatasi kavu, mahali penye hewa. Usiizibie kwenye mfuko wa plastiki.
4. Andika kwenye karatasi hiyo nani aliivaa, wapi na lini. Bila hayo, kwa mnunuzi wa chuma chakavu ni bati tu.

Namba nne ifanyike leo, wazee wakiwepo. Ya babu nimeshaiandika, pamoja na madoa yake.

Mdau, nyumbani kwenu ipo? Tupia maoni hapo chini, inasemaje?